Mikaratusi inakufa kwao Australia: muuaji ni nani hasa?

Mzee wa Misitu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwetu mkaratusi una sifa moja ambayo hata asiyejua miti anaijua: haufi. Ukiukata unachipua. Ukiuchoma unachipua. Ukiupanda bondeni, chemchemi itakauka kabla yake. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya wakati ule, hayati John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na mpaka leo ukitaka kuvuruga kikao cha wakulima wa mlimani, taja mkaratusi tu.

Mimi naishi Perth, Australia ya Magharibi. Huku ndiko kwao. Kuna zaidi ya spishi 700, na misitu yake ya asili, isiyopandwa na mtu, inakufa ikiwa imesimama. Matawi ya juu yanakauka kwanza. Mti unatoa chipukizi shinani kujiokoa, chipukizi zinaliwa, unatoa tena, zinaliwa tena, mwisho unaishiwa. Wataalamu wamelibishania jambo hili kwa miaka mia moja na ushee na bado hawajamaliza.

Nimeleta uzi kwa sababu kila mti unapokufa watu hutafuta mdudu. Wakimwona wanapiga picha, kesi imefungwa. Msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kuupinga asihangaike kuutafuta: mdudu, ndege na ukungu mara nyingi ndio wa mwisho kufika. Kabla yao kuna kitu kilibadilika ardhini. Moto, maji, mbolea, mifugo, barabara. Upo msitu mmoja unaoisumbua hoja hii, na nitaanza na huohuo.

Fundi Mbao

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

Mzee wa Misitu

Haya. Jarrah.

Jarrah ni mkaratusi wa mbao nyekundu nzito, unaota kusini-magharibi mwa Australia peke yake. Mbao zake zilisifika mpaka vipande vyake vikatandikwa kwenye barabara za London. Mwaka 1921 watu wa misitu walianza kuandika kuhusu viraka vya miti iliyokauka, na chini yake vichaka vya banksia navyo vimekufa vyote. Wengine wakasema ukame. Wengine udongo umechoka. Wengine moto. Miaka arobaini ikapita hivyohivyo, huku magogo yanatolewa na barabara mpya zinachongwa kila msimu. Ni katikati ya miaka ya 1960 ndipo mtafiti Frank Podger alipoonyesha kwamba mizizi inaozeshwa na kiumbe aitwaye Phytophthora cinnamomi.

Kiumbe huyu anafanana na ukungu lakini si ukungu. Ndugu zake wa mbali ni mwani. Udongo ukilowa, anatoa mbegu ndogo zenye mikia, nazo zinaogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo mpaka zifike kwenye ncha za mizizi. Udongo ukikauka, anajifungia na kusubiri. Alielezwa kisayansi mwaka 1922 kwenye midalasini ya Sumatra, na Australia inaaminika aliingia na walowezi, ndani ya udongo wa miche yao. Karibu asilimia 40 ya mimea ya asili ya kusini-magharibi haina kinga naye, na eneo aliloshika katika jimbo hili linazidi hekta milioni moja.

Kwa hiyo ni mgeni, ameingia, anaua. Mtu akisema hapo muuaji ni ugonjwa, sina la kumbishia.

Ila tazama alivyosafiri. Barabara za msituni zilijengwa kwa moramu iliyochimbwa humohumo msituni, na baadhi ya mashimo yale tayari yalikuwa na ugonjwa. Wakachimba, wakapakia, wakamwaga kilomita kwa kilomita hadi kwenye vilele vya vilima, kisha mvua ikaufuata mteremko. Ukiachwa peke yake, ugonjwa huu hupanda kilima kwa kujivuta. Kwa gurudumu la lori unavuka wilaya asubuhi moja.

Na la pili: jarrah yenyewe haifi kila mahali ugonjwa ulipo. Inakufa zaidi pale ambapo chini ya udongo kuna tabaka gumu la lateraiti linalotuamisha maji kwenye mizizi mirefu. Penye udongo unaopitisha maji vizuri, unaweza kukuta banksia zote zimekwisha na jarrah imesimama.

Binti wa Njombe

Samahani kaka, nidandie hapo. Huyo Phytophthora si ndiye anayetumalizia parachichi? Nimemwona kwenye kipeperushi cha bwana shamba, jina ni hilohilo. Kuoza mizizi. Mti unaanza majani madogo ya njano, unabeba matunda mengi madogo mwaka mmoja, halafu kwaheri.

Mzee wa Misitu

Ndiye huyohuyo dada, hata jina la pili ni lile lile. Na dawa ni moja: fosfaiti. Wakulima wa parachichi wa Afrika Kusini walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuipiga kwa sindano kwenye shina. Huku wanapiga sindano miti, na kwenye maeneo yenye mimea adimu wananyunyizia kwa ndege. Fosfaiti haisafishi udongo. Inausaidia mti kujikinga, na baada ya muda unarudia. Kwa msitu mzima hakuna dawa, kuna kuzuia kuenea tu. Pia wamechagua jarrah zilizobaki hai katikati ya mizoga ya wenzake, wakazalisha miche ya mbegu zake, na miche hiyo hupandwa kwenye maeneo yaliyochimbwa madini.

Dereva wa Vumbi

Nathibitisha yote. Mimi ni Mkenya, naendesha lori huku kwenye migodi. Kabla hujaingia eneo ambalo bado ni safi, gari laoshwa chini na magurudumu yote mpaka udongo utoke, halafu mtu aja kulikagua. Ukibisha warudishwa. Hata wapanda milima, kwenye njia za baadhi ya hifadhi kuna brashi na dawa ya kusugulia viatu. Nilipofika nilidhani ni mbwembwe. Halafu nikapelekwa kuonyeshwa mpaka wenyewe: upande huu kijani na maua, upande huu mchanga na vijiti. Mpaka umenyooka ukifuata barabara.

Mtata Maswali

Mkuu, kwa maelezo yako mwenyewe kesi imekwisha. Ugonjwa umeingia, umeua. Hiyo "ardhi ilibadilika" ni ya kutuzungusha. Kesho utatuambia hata malaria inaletwa na udongo.

Mzee wa Misitu

Mtata, malaria umejichongea mwenyewe, maana aliyechimba dimbwi nyuma ya nyumba naye ana kesi ya kujibu. Ila nimekubali kwamba jarrah ndiyo ngumu kwangu. Sasa vuka bara zima twende mashariki, ambako hakuna mgeni hata mmoja wa kusingizia.

New England ni nyanda za juu kaskazini mwa jimbo la New South Wales. Nchi ya kondoo. Miaka ya 1970 mpaka ya 1980 mikaratusi ilikauka huko kwa maelfu kwa maelfu, mashamba yakabaki na nguzo za kijivu. Watu wakamwona mhalifu mchana kweupe: mbawakawa wa Krismasi, mdudu mzuri anayeng'aa, anatokea Desemba na kula majani mpaka mti unabaki uchi. Ni mwenyeji. Alikuwepo kabla ya kondoo wa kwanza kushuka melini. Kwa nini basi hakuimaliza miti miaka yote ile?

Fuata maisha yake utaona. Mkubwa anakula majani ya mkaratusi. Mtoto wake, buu, anakaa ardhini na kula mizizi ya nyasi. Mfugaji alipokuja alikata miti mingi akaacha michache ya kivuli. Akamwaga mbolea ya supafosfeti, akapanda klova na nyasi za kigeni zilizonona. Hapo mabuu yamepata karamu chini ya ardhi, yanakua wadudu wengi kuliko zamani, na wadudu hao wakitoka wanakuta miti kumi mahali palipokuwa na mia. Kondoo nao wanajipumzisha chini ya miti hiyo michache, wanaacha kinyesi na mkojo, na majani yanakuwa na naitrojeni nyingi. Jill Landsberg alichunguza majani ya miti inayokufa mashambani na kukuta ndivyo yalivyo, yana lishe zaidi kwa mdudu. Mti ukiliwa unachipua, na chipukizi changa ndizo tamu kuliko zote. Ndege wa kula wadudu? Wengi walihitaji vichaka vya kujificha na kutagia, na vichaka vilishang'olewa vyote ili nyasi ziote.

Umwue mbawakawa kwa dawa leo, keshokutwa shamba lile litazaa wengine.

Fundi Mbao

Hii ya kondoo kuunenepesha mti mpaka unaliwa imenikaa.

Bonde la Ufa

Habari zenu. Mimi niko Uasin Gishu, bluugamu ndiyo pesa yetu ya nguzo na kuni. Babu yangu alikuwa akitaja mdudu aliyekula bluugamu zote zamani za wakoloni, halafu akapotea. Yeye ni nani? Alitoka huko huko?

Mzee wa Misitu

Huyo ni Gonipterus, fukusi wa mkaratusi, na umenifikishia swali pazuri sana. Aliingia Afrika Kusini mwaka 1916 na Kenya miaka ya 1940. Hakuwa na adui. Wakaleta kutoka Australia nyigu mdogo mno, Anaphes nitens, anayetaga ndani ya mayai ya fukusi huyo, na tatizo likashuka. Ni moja ya kazi safi za kudhibiti mdudu kwa mdudu ambazo ukanda wetu uliwahi kuona.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kusini mwa Canberra kuna nyanda za Monaro. Mkaratusi mkuu wa pale, Eucalyptus viminalis, umekufa au unakufa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,000. Ukisimama barabarani ni mizoga mpaka upeo wa macho. Na anayeonekana akitafuna majani ya mwisho ni nani? Gonipterus. Lakini huku adui zake wapo tangu zamani, nyigu yule alitoka nchi hiihii. Hivyo maelezo yaliyofaa Kenya, kwamba mdudu amefika bila mlinzi wake, hayatoshi Monaro. Watafiti wa chuo kikuu cha taifa cha Canberra waliochapisha kazi yao mwaka 2015 hawakupata kisababishi kimoja cha kukining'inizia kesi. Ule ukame mrefu wa 1997 mpaka 2009 unatajwa sana, na mimi naona una uzito, kwa kuwa viminalis ni mti wa mahali penye unyevu na Monaro ni kavu, ulikuwa tayari unaishi ukingoni.

Pwani Raha

Na koala je? Si ndio wala majani wakuu?

Mzee wa Misitu

Koala wapo kwenye orodha, ila kwa sehemu chache. Cape Otway, jimbo la Victoria, waliongezeka mpaka wakaimaliza viminalis ileile, wakaanza kufa njaa juu ya miti. Mwaka 2013 na 2014 maofisa waliwaua kwa sindano karibu 700 kuwaondolea mateso. Habari hiyo ilipotoka 2015 nchi nzima ilibishana. Tuache hapo, nataka kufika kwenye moto.

Misitu ya mashariki, hasa kaskazini mwa New South Wales karibu na mpaka wa Queensland, ina ndege mdogo wa rangi ya zeituni, Manorina melanophrys. Sauti yake ni kengele, kwa hiyo nitamwita ndege-kengele. Anaishi kwa makundi, na ana roho mbaya. Ndege mwingine akikatiza anafukuzwa na kundi zima. Chakula chake ni vidudu vya jamii ya vidukari vinavyofyonza utomvu wa majani na kujifunika kwa kigamba cha sukari. Ndege-kengele anakidonoa kile kigamba, na mara nyingi mdudu anabaki. Hao wengine anaowafukuza wangekula mdudu mwenyewe. Matokeo: ndege-kengele walipo, vidudu vinajaa na miti inakufa.

Hapo utasema basi, ndege ndiye. Watafiti wa Victoria walisema hivyo pia. Waliwaondoa ndege-kengele kwenye msitu, ndege wengine wakaingia kwa fujo, vidudu vikafyekwa, miti ikapata nafuu. Ilichapishwa 1983 na watu wakashangilia. Kisha Clarke na Schedvin wakarudia jambo hilo kwenye msitu mwingine, wakachapisha 1999. Ndege wakaondoka, vidudu vikapungua. Miti haikupona.

Hilo la pili ndilo lililonifanya niache kuamini hadithi ya mhalifu mmoja. Ukimwondoa mlaji na mgonjwa bado anazorota, ugonjwa ulikuwa pengine.

Jicho Kavu

Mzee nakusoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni mtu wa misitu, Tabora. Umetaja moto mara mbili ukaupita. Sema basi. Kwetu miombo tunachoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi, ili moto wa Septemba usije ukaunguza kila kitu. Msitu ambao haujachomwa muda mrefu unajulikana tu kwa macho.

Mzee wa Misitu

Nilikuwa nakusubiri wewe.

Kuna mtu wa misitu wa New South Wales, Vic Jurskis, aliyeandika mwaka 2005 hoja kubwa inayofanana na lugha yako. Anasema hivi. Kabla ya walowezi, wenyeji wa asili walichoma mara kwa mara, moto mdogo wa chini. Msitu ulikuwa wazi, nyasi chini, miti mikubwa imeachana. Moto ulipozuiwa, majani makavu yalilundikana, vichaka vikafunga, udongo ukabaki na kivuli na unyevu, naitrojeni ikaongezeka. Mkaratusi umezoea udongo maskini. Ukiubadilishia hali, mizizi yake midogo inadhoofika huku majani yanakuwa na lishe nyingi. Hapo wadudu, kimelea cha juu ya matawi, ukungu na ndege-kengele wote wanakuja mezani. Kwake magonjwa yote haya yenye majina tofauti ni jambo moja: mti ulioondolewa kwenye hali yake.

Hakuanzia hewani. Mwaka 1969 T.C.R. White alikwishaonyesha kwamba milipuko ya vidudu vile vya kigamba ilifuatana na misimu iliyoitesa miti, na maelezo yake ni kwamba mti ukiwa taabani utomvu wake unakuwa na chakula kingi cha naitrojeni, na watoto wa mdudu wanaokoka wengi zaidi.

Mimi nakubaliana na Jurskis kwa nusu ya safari.

Jicho Kavu

Nusu ipi unaikataa? Mbona kila kitu kimekaa sawa.

Mzee wa Misitu

Kinanikera kukaa sawa kwenyewe. Nikupe misitu miwili.

Wa kwanza ni huuhuu wa jarrah. Mwaka 1961 moto mkubwa uliuteketeza mji wa Dwellingup, na tangu miaka ile jimbo hili limekuwa likichoma misitu yake kwa mpango, kwa eneo kubwa kuliko karibu pote Australia. Mbona Phytophthora iliendelea? Na mbona 2011 miti ilikauka kwa ukame, nitaieleza chini?

Wa pili ni Eucalyptus regnans, wa Victoria na Tasmania, miongoni mwa mimea ya maua mirefu kuliko yote duniani, kuna mmoja Tasmania uliowahi kupimwa ukafika mita 100. Huu hauchipui baada ya moto mkali kama wenzake. Unakufa, unadondosha mbegu juu ya majivu, na miche inaanza upya. Miche hiyo inahitaji karibu miaka 20 ndipo izae mbegu za kutosha. Moto ukirudi ndani ya muda huo, hakuna mbegu, msitu unageuka kuwa wa miakasia. Ndugu yake wa milimani, delegatensis, uliungua 2003, sehemu zake zikaungua tena 2006 na 2007, na serikali ikalazimika kumwaga mbegu kwa helikopta. Umwambie mtu wa kule kwamba tatizo ni uhaba wa moto uone atakavyokuangalia.

Kwa hiyo moto ndiyo, ila moto gani, msitu gani, baada ya miaka mingapi. Kwa misitu ya wazi yenye nyasi, Jurskis ananishawishi sana. Akisema ndivyo kwa bara zima, namwacha njiani.

Jicho Kavu

Hapo sawa. Hata huku ukichoma msitu wa mvua wa Uluguru kwa kanuni za miombo utafungwa, na utakuwa umestahili.

Swali lingine. Kule kwa ndege-kengele, ukitaka kurudisha moto, unachoma nini? Msitu uliofunga chini hauwaki mpaka siku ambayo utawaka wote.

Mzee wa Misitu

Umegonga penyewe. Sehemu kubwa ya misitu ile ilivunwa magogo, mwanga ukaingia, na chini ikaota lantana. Ndiyo hiyohiyo lantana ya maua ya rangi mbili iliyovamia malisho yetu. Inafunga kabisa. Ndege-kengele anapenda kutagia humo, miche ya mikaratusi haipati mwanga, na moto mdogo haupiti. Mwaka 2008 New South Wales iliuweka mnyororo huu wote, wa vidudu na ndege-kengele, kwenye orodha rasmi ya matishio ya viumbe asilia.

Karibu na Kyogle kuna wenye ardhi walioamua kuanza na lantana badala ya ndege. Walipita wakiirushia dawa kidogo kidogo kwa bomba la mkono, ikakauka ikiwa imesimama, mimea ya asili ikapenya katikati. Ndege-kengele walihama wenyewe. Miti iliyokuwa hai bado ikarudisha majani. Ni kazi ya miaka na miguu, siioni ikifanyika kwenye mlima mzima, lakini inafundisha kuliko makala nyingi nilizosoma.

Mtata Maswali

Mzee sijakuacha bado. Umesema 2011 miti ilikauka. Sasa huo ni ukame tu, mvua haikunyesha, mti ukafa. Hapo nako utatafuta moto na kondoo?

Mzee wa Misitu

Hapo sitafuti. Mwaka 2010 kusini-magharibi ilipata mvua kidogo kuliko mwaka wowote ulioandikwa, kisha mapema 2011 likaja joto kali siku kadhaa mfululizo. Ndani ya majuma machache vilele vya miti ya jarrah viligeuka rangi ya kutu, zaidi ya hekta 16,000 kwa viraka. Mingi ilichipua baadaye, mingi haikuchipua. Kiangazi cha 2023 kuingia 2024 kikarudia jambo hilohilo. Dereva, wewe nadhani uliona.

Ila hata hapo, viraka havikutokea popote tu. Vilikuwa zaidi kwenye udongo mfupi, karibu na miamba. Na ukame ule haukuukuta msitu ukiwa na akiba. Mvua za majira ya baridi zimepungua kwa takribani asilimia 15 tangu miaka ya 1970, maji ya chini yameshuka mwaka baada ya mwaka, vijito vilivyotiririka mwaka mzima sasa ni vya msimu. Juu ya hilo, msitu uliokatwa zamani umeota upya ukiwa na vijiti vingi vilivyobanana, na kila kijiti kinavuta maji yaleyale. Uvunaji wa kibiashara wa msitu wa asili ulikomeshwa huku mwanzoni mwa 2024. Vijiti vimebaki, na sasa ugomvi ni kama vipunguzwe au viachwe.

Dereva wa Vumbi

Niliona. Kuanzia Februari ile, kutoka mjini kwenda kusini, vichaka vya pwani na miti ya vilimani, yote ya kahawia. Kazini walikuwa wauliza kama kulikuwa na moto. Hakuna moto wowote.

Mzee wa Misitu

Ndiyo hiyo.

Kwa haraka, kwa wanaouliza faragha. Mto Murray: mikaratusi ya kingoni, camaldulensis, imezoea mafuriko, na mabwawa yakazuia mafuriko ili wakulima wapate maji kiangazi. Ukame wa 1997 mpaka 2009 ulimalizia kazi, na pengine chumvi ya maji ya ardhini ikapanda mpaka mizizini. Ukirudisha maji kwa makusudi, miti mingi inarudi. Huo ndio mfano mwepesi kuliko yote kwa hoja yangu, kwa hiyo sijivunii.

Milima ya theluji karibu na mlima Kosciuszko, New South Wales: mkaratusi uitwao pauciflora unauawa na mabuu ya mbawakawa wa vipapasio virefu, Phoracantha, yanayochimba chini ya gamba na kuuzungushia mti mfereji mpaka maji hayapandi. Mbawakawa ni mwenyeji. Anachagua mti uliopungukiwa maji.

Na Mundulla, Australia Kusini, kisa ninachokipenda. Miti ya kando ya barabara ilianza kuwa ya njano miaka ya 1970. Watu walitafuta virusi kwa miaka. Mwisho uchunguzi ukaelekea kwenye udongo wenye chokaa, pamoja na mawe ya chokaa yaliyopondwa na kumwagwa barabarani. Udongo wa namna hiyo unaunyima mti madini ya chuma.

Mtata Maswali

Mawe ya barabara tena. Jarrah moramu, huku chokaa. Haya, nimekuelewa nusu ya safari, kama wewe na yule wa moto.

Bonde la Ufa

Swali la shamba. Hii yote ni misitu ya asili. Bluugamu zetu za kupandwa zatuhusu vipi?

Mzee wa Misitu

Kidogo tu, na nisingependa mtu achukue uzi huu akautumie vibaya. Shamba lako ni mti mmoja, rika moja, ugenini. Adui mkubwa wa kwenu ni mdudu anayefika bila mlinzi, kama Gonipterus zamani, au yule nyigu wa vivimbe kwenye majani, Leptocybe, aliyeonekana magharibi mwa Kenya na Uganda mwaka 2002. Hapo kutafuta mdudu ni sahihi kabisa, na kuchagua mbegu inayomvumilia ni sahihi zaidi. Cha kuazima kutoka huku ni kimoja: usipande spishi ya mahali penye maji kwenye mgongo wa kilima kikavu halafu ulaumu fukusi.

Binti wa Njombe

Kaka nina langu kabla hujafunga. Kijiji kinatengeneza barabara inayopita juu ya shamba langu la parachichi. Moramu wanaichota kwenye shimo lililo chini ya shamba la jirani ambaye miti yake imekufa karibu yote. Nilikuwa sijaunganisha mambo haya mpaka leo. Niwazuie?

Mzee wa Misitu

Wazuie leo. Nenda kwa mwenyekiti na bwana shamba mkiwa pamoja, peleka na picha za miti ya jirani. Waambie wachimbe shimo lililo juu ya mashamba yote ya parachichi, palipo pakavu, na wachimbe kiangazi, si baada ya mvua. Lori lipigwe maji magurudumu kabla ya kupanda kwako. Halafu mfereji wa barabara usielekezwe shambani. Ukiwa tayari umeelekezwa huko, uchepushe kabla ya masika. Na jirani yako, kwa upole, mwombe asikukopeshe jembe.

Binti wa Njombe

Jembe lake liko kwangu tangu juzi.

Mzee wa Misitu

Lisugue udongo wote utoke, lianike juani likauke kabisa, ulipake spiriti, ndipo ulirudishe. Na udongo ulioutoa usiumwage shambani.